Kutoka Usemi Halisi hadi Usemi wa Taarifa: Asili ya Kanuni Moja ya Sarufi ya Kiingereza na Athari Yake katika Ufundishaji wa Kiswahili

1. UTANGULIZI

Mazoezi ya sarufi ya Kiingereza yaliyopitiwa na vizazi vya wanafunzi ni mengi, lakini ni machache yaliyokita mizizi kama zoezi la kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Mwanafunzi hupewa sentensi iliyotiwa ndani ya alama za mtajo, kisha hutakiwa aziondoe alama hizo, atie kiunganishi that, abadilishe nafsi, arudishe njeo nyuma hatua moja, na abadilishe maneno yanayotaja mahali na wakati. "I am ill" huwa "He said that he was ill". Now huwa then, here huwa there, na tomorrow huwa the next day. Anayesahau hatua moja hupunguziwa alama.

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza asili ya kanuni hiyo. Swali linaloulizwa si iwapo kanuni ni sahihi au si sahihi, bali ni hili: ilitoka wapi, na ilikuwa jibu la haja gani? Hoja itakayotetewa ni kwamba katika jambo hili mna vitu viwili ambavyo vitabu vya shule vimevichanganya. Kimoja ni tabia ya Kiingereza chenyewe ya kupatanisha njeo za vitenzi katika sentensi moja, na tabia hiyo ni ya zamani sana. Cha pili ni zoezi la kugeuza, ambalo lina asili yake katika ufundishaji wa Kilatini na lililopata nguvu kwa sababu ya mitihani. Kwa kuwa havikutenganishwa, zoezi lilichukuliwa kuwa ndiyo lugha yenyewe, na hatimaye likavishwa Kiswahili, lugha ambayo haina tabia hiyo ya njeo. Hapo ndipo historia hii inapowahusu walimu wa Kiswahili moja kwa moja, maana mwanafunzi anayeandika Kiswahili safi huweza kuhesabiwa kuwa amekosa.

2. USEMI ULIONYOKA NA USEMI WA MSHAZARI

Warumi waliuita usemi halisi oratio recta, yaani usemi ulionyoka, na usemi wa taarifa wakauita oratio obliqua, yaani usemi uliokwenda mshazari. Istilahi hizi zina maana kubwa, kwani zinatufahamisha kwamba usemi wa taarifa ulitazamwa kama kitu kilichopindwa kutoka katika unyofu wake. Palikuwa na umbo la asili, na umbo la pili lilitokana nalo.

Katika Kilatini upindaji huo ulikuwa na kanuni zinazoonekana wazi katika maumbo ya maneno. Kitenzi kikuu cha kauli iliyotolewa kiliacha njeo na nafsi yake kikawa kitenzijina, na mtenda wake akatiwa alama ya mtendwa. Vitenzi vya vishazi tegemezi vilichukua umbo la pekee linaloonyesha kwamba jambo linasemwa kwa dhamana ya mtu mwingine. Amri nazo zilichukua umbo hilo hilo. Nafsi ya kwanza na ya pili ziligeuka kuwa ya tatu. Kiashiria hic, "huyu", kilipisha ille, "yule", na nunc, "sasa", kikapisha tunc, "wakati huo". Msomaji ataona mara moja kwamba jedwali la maneno ya mahali na wakati linalokaririwa katika madarasa ya Kiingereza hadi leo ni ndugu wa karibu wa jedwali hili.

Mwandishi aliyewapa wanafunzi wa Ulaya mifano mingi ya usemi wa mshazari ni Julius Caesar. Katika taarifa yake ya vita vya Gallia, karibu kila hotuba ya kitabu cha kwanza imeandikwa kwa njia hiyo, zikiwamo hotuba ndefu za Ariovistus, mtawala wa Wajerumani aliyepambana naye mwaka 58 kabla ya Kristo. Lakini katika kitabu cha saba, anaposimulia kuzingirwa kwa Alesia mwaka 52 kabla ya Kristo, Caesar anamwacha Mgallia aitwaye Critognatus azungumze kwa usemi ulionyoka, naye Critognatus anawashauri wenzake wawale wale wasioweza kupigana. Hapana shaka uteuzi huu haukuwa wa kisarufi. Caesar alijua kwamba maneno ya kutisha hutisha zaidi yakiachwa katika kinywa cha mwenyewe. Kwa hiyo hata katika Kilatini, chemchemi ya kanuni zetu, kuchagua kati ya usemi halisi na usemi wa taarifa kulikuwa kazi ya mwandishi mwenye kusudi lake.

Shule hazikufundisha jambo hilo. Katika shule za Uingereza, ambako Kilatini kilikuwa moyo wa masomo kwa karne nyingi, mwanafunzi aliamriwa kuugeuza usemi mmoja kuwa mwingine ili athibitishe kwamba amezishika kanuni. Katika karne ya 19 zoezi hili lilipewa nafasi imara katika vitabu vya utungaji wa Kilatini vilivyotokana na kazi ya Thomas Kerchever Arnold ya mwaka 1839, na katika sarufi za Benjamin Hall Kennedy, ambaye kitabu chake kilichorekebishwa cha mwaka 1888 kilitumika kwa muda mrefu sana. Lilikuwa zoezi la haki kwa Kilatini, kwa sababu katika lugha hiyo kugeuza kulidai ujuzi halisi wa maumbo.

3. KIINGEREZA KABLA YA KANUNI

Je, Kiingereza kilitoa taarifa kwa njia gani kabla ya kufikiwa na vitabu hivyo? Tuna ushahidi wa tangu karne ya 9. Katika tafsiri ya historia ya Orosius iliyofanywa wakati wa Mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899, mna habari za baharia Ohthere, aliyemweleza mfalme safari zake za kaskazini. Sehemu kubwa ya maelezo yake imetolewa kwa usemi wa taarifa, na vitenzi vingi vimo katika umbo la pekee lenye kudokeza kwamba anayeandika anapokea neno la mwingine. Kijerumani cha magazeti kingali kinafanya hivyo hata sasa.

Kiingereza kilipopoteza viambishi vyake vingi vya mwisho katika karne zilizofuata, umbo hilo la pekee halikuweza tena kupambanuliwa na umbo la kawaida la wakati uliopita, isipokuwa katika pembe chache kama vile tofauti ya was na were. Kilichobaki machoni pa msomaji ni wakati uliopita tu. Kwa hiyo njeo ilijikuta imebeba mzigo uliokuwa ukibebwa na viambishi. Upatanishi wa njeo katika Kiingereza, basi, ni jambo la nyumbani. Haukuletwa na walimu wa Kilatini.

Walakini lugha hii ya nyumbani haikuwa na mpaka mkali kati ya semi hizi mbili. Katika maandishi ya kale mwandishi huweza kuanza kwa taarifa, kisha katikati ya sentensi akaingia katika maneno yenyewe ya msemaji bila ya kumwonya msomaji. Isitoshe, that iliweza kutangulia usemi halisi. Wala hapakuwa na alama za kuutenga usemi huo. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James haina alama za mtajo; msomaji hutambua kwamba mtu ameanza kunena kwa kusikiliza mwendo wa sentensi na kwa kuona kitenzi cha kusema. Desturi ya kuyafunga maneno ya wahusika ndani ya alama ilienea katika karne ya 18, wakati riwaya ilipokuwa ikipata umbo lake. Zoezi la kuondoa alama za mtajo, ambalo kwetu laonekana kana kwamba lilikuwako tangu azali, lisingewezekana kabla ya hapo.

4. KAZI YA WAANDISHI WA BUNGE

Palikuwa na mahali pengine ambapo usemi wa taarifa ulikuwa kazi ya kila siku, napo ni katika habari za Bunge la Uingereza. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 Bunge lilihesabu uchapishaji wa mijadala yake kuwa ni kuvunja haki zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 Samuel Johnson, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa kamusi, aliandikia jarida moja la London mijadala iliyosingiziwa kuwa ya nchi ya kubuniwa. Hotuba zile zilikuwa zimetungwa na yeye mwenyewe kutokana na habari chache alizoletewa, na bado wasomaji wengi walizidhania kuwa maneno yenyewe ya wabunge. Funzo lililomo ni kubwa: usemi unaoitwa halisi si lazima uwe na uhalisi wowote. Alama za mtajo ni ahadi tu, na ahadi huweza kuvunjwa.

Baada ya mgogoro wa mwaka 1771 kati ya Bunge na wachapaji, habari za mijadala zilianza kuchapwa waziwazi. William Cobbett alianzisha mfululizo wa mijadala mwaka 1803, na mwaka 1812 ukawa mali ya mpiga chapa T. C. Hansard, ambaye jina lake bado linatumiwa kwa kumbukumbu za mabunge mengi, likiwamo la Kenya. Katika karne ya 19 hotuba nyingi katika kumbukumbu hizo zilitolewa kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopita: Mheshimiwa fulani alisema kwamba yeye hakuona sababu ya kodi hiyo. Sababu yake ni dhahiri. Mwandishi alikuwa akifupisha, na usemi wa taarifa ulimruhusu kufupisha bila ya kudai kwamba ameleta kila neno. Ni mwaka 1909 tu ambapo Baraza la Makabwela lilichukua kazi hiyo mikononi mwake, likaajiri waandishi wake na kuanza kutoa hotuba kwa nafsi ya kwanza.

Tukiyatazama mambo haya tunaona kwamba usemi wa taarifa ulikuwa chombo cha kazi chenye faida zake: kufupisha, kupanga, na zaidi ya yote kuonyesha kwamba dhamana ya maneno ni ya msemaji wala si ya mwandishi. Mwandishi wa Bunge hakuanza na sentensi iliyokamilika ndani ya alama za mtajo kisha akaigeuza neno kwa neno. Alianza na maana aliyoisikia.

5. ZOEZI LAWA MTIHANI

Sarufi mashuhuri za Kiingereza za karne ya 18, kama ile ya Robert Lowth ya mwaka 1762 na ile ya Lindley Murray ya mwaka 1795, zilijishughulisha zaidi na kuonya dhidi ya makosa. Kitabu cha mazoezi cha Murray cha mwaka 1797 kilimpa mwanafunzi sentensi mbovu ili azisahihishe. Katika karne ya 19 elimu ilipopanuka, na mitihani ya maandishi ilipokuwa mlango wa kuingilia kazini, palihitajika mazoezi ambayo majibu yake yangeweza kusahihishwa haraka na kwa namna moja. Zoezi la kugeuza lilifaa sana kwa haja hiyo. Lina jibu moja, na makosa yake huhesabika.

Haja hiyo ilikuwa kubwa zaidi ng'ambo. Vyuo Vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras vilianzishwa mwaka 1857, na Kiingereza kikawa kipimo cha maelfu ya vijana ambao hawakukizungumza nyumbani. J. C. Nesfield, aliyefanya kazi katika idara ya elimu nchini India, alitunga vitabu vya sarufi mwishoni mwa karne hiyo ambavyo ndani yake "usimulizi" wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja ulipewa kanuni na mazoezi kwa utaratibu kamili. Katika miaka ya 1930 alifuatwa na P. C. Wren na H. Martin, ambao kitabu chao kingali kinachapishwa. Wren huyo ndiye aliyeandika riwaya ya Beau Geste ya mwaka 1924. Mtu ambaye katika riwaya zake alitawala mazungumzo kwa uhuru aliwapa wanafunzi wa sarufi jedwali la kubadilishia maneno.

Mitihani ya Cambridge, iliyoanza mwaka 1858 na kuvuka bahari katika miaka ya 1860, ilifika pia Afrika Mashariki, na pamoja nayo likaja zoezi la kugeuza usemi. Mtihani ulipopokewa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, na kisha na Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya lililoundwa mwaka 1980, wasahihishaji walibadilika. Zoezi lilibaki.

6. WANAISIMU NA KANUNI

Katika karne ya 20 kanuni hii ilichunguzwa upya. Mdenmark Otto Jespersen, katika kitabu chake juu ya falsafa ya sarufi cha mwaka 1924, alieleza urudishaji wa njeo kwa njia rahisi: msemaji aliyekwisha kusema said ameiweka akili yake katika wakati uliopita, naye huendelea humo bila ya kupima kila kitenzi. Jespersen alitambua pia namna ya tatu ya usemi, iliyokwisha kuelezwa na Charles Bally mwaka 1912 kuhusu Kifaransa, ambamo mawazo ya mhusika hutolewa kwa njeo na nafsi ya taarifa lakini bila ya kitenzi cha kusema na bila ya kiunganishi. Riwaya za Jane Austen zimejaa namna hiyo. Jedwali la shule halina mahali pa kuiweka.

Mwaka 1973 Ann Banfield alitoa hoja nzito zaidi. Alionyesha kwamba usemi wa taarifa hauwezi kuzalishwa kutokana na usemi halisi kwa kanuni za kugeuza, kwa kuwa usemi halisi huchukua mambo yasiyoweza kuingia ndani ya kishazi cha that: viitikizi, matusi, sentensi zisizotimia, hata lugha ya kigeni. Mtu akiguna au akisema "Lo!", hakuna kanuni inayoweza kuligeuza guno lake. Mtoa taarifa hana budi kufasiri, aseme kwamba yule mtu alistaajabu. Yaani semi hizi mbili ni njia mbili za kuyaendea maneno ya mwingine, na hakuna iliyo mama wa mwenzake.

Bernard Comrie naye, katika kazi yake juu ya njeo ya mwaka 1985, alilinganisha Kiingereza na Kirusi. Katika Kirusi njeo ya msemaji wa kwanza hubaki kama ilivyokuwa. Katika Kiingereza kitenzi cha taarifa hupatana na kitenzi kikuu. Kwa hiyo urudishaji wa njeo si sheria ya akili ya binadamu. Ni desturi ya baadhi ya lugha.

7. KISWAHILI KATIKA JEDWALI LA WENGINE

Sasa tutazame Kiswahili. Juma akisema, "Mama anaumwa," anayepasha habari husema: Juma alisema kwamba mama yake anaumwa. Nafsi imebadilika kwa kuwa mwelekezi amebadilika, njeo haikubadilika. Kiambishi -na- huonyesha kwamba ugonjwa ulikuwako wakati Juma aliponena. Tukisema kwamba mama yake alikuwa akiumwa, tumesema jambo jingine: ugonjwa ulitangulia maneno ya Juma, na pengine ulikwisha pona. Katika jambo hili Kiswahili kinakaa upande wa Kirusi.

Hata hivyo, katika mazoezi mengi yanayotumiwa nchini mwetu mwanafunzi hufundishwa kwamba katika usemi wa taarifa -ta- hugeuka kuwa -nge-. "Nitakuja kesho" huwa alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Asili ya kanuni hii haijifichi: will huwa would, na kwa kuwa would mara nyingi hufasiriwa kwa -nge-, -nge- ikatiwa mahali pake. Lakini -nge- ya Kiswahili ni kiambishi cha sharti. Anayesikia "alisema kwamba angekuja" hungojea sehemu ya pili: angekuja lau kama nini? Alizuiwa na nini? Msemaji aliyeahidi kuja amefanywa kuwa mtu aliyetoa udhuru. Hapa kanuni haikubadilisha sura ya maneno tu. Imebadilisha ahadi ya mtu.

Kadhalika "siku iliyofuata" imechukua mahali pa "kesho yake", au "keshoye", neno ambalo Kiswahili kimekuwa nalo siku zote kwa haja hiyo hiyo. Na kama taarifa inatolewa siku ile ile, "kesho" haihitaji kuguswa, kwa kuwa kesho ya msemaji ndiyo kesho ya mpasha habari. Hata Kiingereza chenyewe hakigeuzi tomorrow katika hali hiyo. Kanuni ya mahali na wakati ni suala la mahali anaposimama anayesema, wala si jedwali.

Wakati huo huo, zoezi limeacha nyuma utajiri wa Kiswahili katika utoaji wa taarifa. Neno "kwamba" lenyewe latokana na kitenzi "kuamba", maana yake kusema. Kiunganishi chetu kingali kina kumbukumbu ya kinywa. Tuna "eti" na "ati", ambazo kwa silabi mbili humwezesha mpasha habari kuyaleta maneno ya mwingine na papo hapo kuyatenga na imani yake. Alisema kwamba anaumwa ni taarifa. Alisema eti anaumwa ni taarifa na hukumu. Tuna amri inayoingia katika taarifa kwa kiishio -e bila ya kujali njeo ya kitenzi kikuu: alimwambia aje, atamwambia aje. Tuna pia desturi ya masimulizi ya kuwaachia wahusika vinywa vyao. Hadithi alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 husonga mbele kwa "akamwambia" na maneno yenyewe ya msemaji. Anayesema kwamba mwanafunzi anayeandika hivyo hajakomaa amepima masimulizi ya Kiswahili kwa mizani isiyokuwa yake.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba upatanishi wa njeo katika usemi wa taarifa ni tabia ya Kiingereza cha kale, kwamba jedwali la kugeuza ni urithi wa shule za Kilatini, na kwamba mtihani ndio uliolipa jedwali hilo mamlaka liliyo nayo. Mwalimu wa Kiingereza hana sababu ya kuacha kufundisha upatanishi wa njeo, maana bila ya huo mwanafunzi hataandika Kiingereza kinachokubalika. Yafaa, lakini, aufundishe kama tabia ya lugha hiyo, na amwonyeshe mwanafunzi jinsi waandishi wanavyouchagua usemi mmoja au mwingine kwa makusudi.

Kwa mwalimu wa Kiswahili jambo ni zito zaidi. Kanuni ya -ta- kuwa -nge- haina mizizi katika lugha anayoifundisha. Wakaguzi wa vitabu na watungaji wa mitihani hawana budi kuitazama upya, na hadi watakapofanya hivyo, msahihishaji anayekutana na jibu lisemalo "alisema kwamba atakuja kesho yake" ajue kwamba mbele yake pana sentensi isiyo na dosari, na ampe mwanafunzi haki yake.